Namna ya Kupima Mbio za Mwanariadha kwa Kamera ya Simu

Maabara ya biomekanika, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, huwa na sahani za kupimia kani zilizofukiwa sakafuni, pamoja na kamera nyingi zinazofuatilia vitone vinavyong'aa vilivyobandikwa kwenye viungo vya mkimbiaji. Kocha wa shule ya sekondari hana hata kimoja kati ya vifaa hivyo, lakini huenda ana simu inayorekodi fremu 240 (picha moja moja za video) kwa sekunde, na kwa simu hiyo anaweza kupata vipimo vichache vya kuaminika, alimradi akubali kwamba kazi yenyewe iko katika kuweka kamera mahali pake na kuhesabu fremu, si katika kutazama video na kutoa hukumu. Jicho la kocha mzoefu lina thamani yake, ila wayo wa mkimbiaji hukaa chini kwa takriban robo ya sekunde tu. Watu walimtazama farasi kwa maelfu ya miaka bila kuafikiana iwapo kwato zake zote nne huwa hewani kwa pamoja anapokwenda mbio, mpaka mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga kamera kando ya njia huko California mwaka 1878 na kuonyesha kwamba ndivyo ilivyo.

Chagua kipande cha njia kilichonyooka na kisicho na mteremko, chenye urefu wa mita 40 au zaidi, ili mkimbiaji awe amekwisha kuushika mwendo wake wa kawaida kabla ya kuingia mbele ya kamera. Lami au udongo ulioshindiliwa hufaa kuliko majani, kwa sababu majani huficha wakati halisi ambao kiatu kinagusa chini. Chora mstari kwa chaki au tandaza kamba, kisha weka koni mbili zilizoachana kwa mita 5 kamili, zikiwa zimegusana na mstari huo. Simu isimame kwenye stendi, umbali wa mita 10 kutoka kwenye mstari, katikati ya koni hizo mbili, ikiutazama mstari kwa pembe mraba, na lenzi yake iwe kwenye kimo cha nyonga za mkimbiaji. Usiishike kwa mkono, hata kama unaamini mkono wako hautetemeki.

Umbali huo wa mita 10 una sababu. Mkimbiaji akiuacha mstari kwa nusu mita, vipimo vyote vya urefu hupotoka kwa takriban asilimia 5. Kamera ikiwa mita 4 tu kutoka kwenye mstari, kosa lile lile hupanda hadi asilimia 12 hivi, na hakuna programu itakayolisahihisha baadaye. Rekodi mchana wenye mwanga mwingi, maana kamera ikiwa kwenye kasi kubwa hupokea mwanga kidogo katika kila fremu, na picha za jioni hutoka na ukungu mahali pale pale unapouhitaji mguu uonekane wazi. Mkimbiaji avae kaptura inayobana na abandikwe vipande vya plasta yenye rangi kwenye nyonga, kando ya goti na kwenye kifundo cha mguu. Kama ni mwanafunzi, wazazi waombwe ridhaa kabla ya kurekodi, na video isisambazwe.

Kabla ya kumwita mkimbiaji, ipime simu yenyewe. Rekodi saa ya kuhesabia sekunde inayoonekana kwenye simu nyingine, kisha hesabu fremu zilizomo ndani ya sekunde 5: zikiwa 1,200 au karibu sana na hapo, kasi ya fremu ni ile iliyoandikwa kwenye mipangilio. Jambo hili hupuuzwa sana, nami nimewahi kupoteza mchana mzima kwa kupima video iliyotumwa kwa WhatsApp, ambayo ilikuwa imepunguziwa fremu njiani bila mimi kutambua. Hamisha faili kwa waya, ukiwa umezuia simu isiihariri video kwa kujichagulia sehemu ya kuipunguza mwendo.

Baada ya kupasha mwili moto, mkimbiaji apite mara sita kwa mwendo anaotumia katika mazoezi yake marefu. Mbili za kwanza zitupe, kwa kuwa kila mtu hukimbia kwa madaha anapojua kwamba anarekodiwa. Zilizobaki zifungue kwenye kompyuta kwa programu inayosogeza fremu moja moja. Kinovea hupatikana bure na inatosha. Hesabu kwanza fremu tangu kiwiliwili kifike kwenye koni ya kwanza hadi kifike kwenye ya pili. Tuseme ni fremu 400: hiyo ni sekunde 1.67, na mita 5 kwa muda huo ni kasi ya mita 3 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 33. Iandike kasi hiyo juu ya kila ukurasa wa vipimo, kwa kuwa karibu kila kitu kitakachofuata hubadilika pamoja nayo.

Sasa pima muda wa wayo kukaa chini. Fremu ya kuanzia ni ile ya kwanza ambapo soli imegusa chini, na ya kuishia ni ya kwanza inayoonyesha mwanga kati ya kidole gumba na ardhi. Kisha hesabu fremu za kuwa hewani, tangu hapo hadi mguu wa pili uguse. Ukipata fremu 60 chini na 24 hewani, muda wa chini ni sekunde 0.25, wa hewani ni sekunde 0.10, na hatua nzima ni sekunde 0.35, ambayo ni sawa na hatua 171 kwa dakika, kila hatua ikiwa na urefu wa mita 1.05. Kwa kamera ya fremu 30 kwa sekunde, muda huo wa chini ungechukua fremu saba au nane tu, na kukosea fremu moja kungekupotosha kwa asilimia 13. Pima angalau hatua tano za kila mguu, chukua wastani wa kulia na wa kushoto kila upande peke yake, na mtu mwingine ahesabu upya bila kuona majibu yako. Tofauti kati ya miguu iliyo ndogo kuliko tofauti kati yenu wawili isihesabiwe kuwa tofauti.

Kutokana na namba hizo mbili unaweza kukadiria hata kani ambayo ardhi humrudishia mkimbiaji. Jean-Benoît Morin na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba kilele cha kani ya wima hukaribiana na uzito wa mwili ukizidishwa kwa nusu ya pai, kisha ukizidishwa kwa moja jumlisha uwiano wa muda wa hewani kwa muda wa chini. Kwa mfano wetu, 1.57 mara 1.4 ni takriban mara 2.2 ya uzito wa mwili, hivyo mkimbiaji wa kilo 60 huisukuma ardhi kwa niutoni zipatazo 1,290 katika kila hatua. Hata hivyo, hiyo siyo kani inayolibana goti, kwa kuwa misuli inayovuta kuzunguka goti huongeza mzigo wake juu ya ule wa ardhi, na kamera moja haiwezi kuuona mzigo huo.

Mahali ambapo makocha wengi huteleza ni kwenye namna wayo unavyotua. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliozoea kukimbia peku, ambao wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele au ya kati ya wayo, na tangu hapo wapo waliowakataza wanafunzi wao kutua kwa kisigino. Lakini mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao pia wamezoea kutembea peku, wakakuta kwamba katika mwendo wa masafa marefu asilimia 72 ya hatua zilitua kwa kisigino, na hali hiyo ilipungua kasi ilipoongezeka. Kwa hiyo andika namna wayo ulivyotua, andika na kasi, na usimgeuze mtu asiyeumia. Binafsi huangalia zaidi umbali kati ya kifundo cha mguu na mstari wa wima kutoka nyongani wakati wa kugusa chini, kwa kuwa anayetupa mguu mbele sana hujifunga breki kila hatua.

Huyo anaweza kusaidiwa kwa kuongeza idadi ya hatua kwa dakika bila kubadilisha kasi. Bryan Heiderscheit na wenzake huko Wisconsin walionyesha mwaka 2011 kwamba ongezeko la asilimia 5 hadi 10 hupunguza mzigo wa goti na nyonga. Kwa mkimbiaji wetu, asilimia 5 juu ya 171 ni takriban 180, na hapo ni kusadifiana tu: ile 180 inayotajwa kila mahali ilitokana na kocha wa mbio Jack Daniels kuhesabu hatua za wanariadha wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, waliokuwa wakishindana kwa kasi ambayo mwanafunzi wako haifikii. Anayeanza na hatua 158 alenge 166. Mwekee metronomu ya simu (programu inayopiga mdundo sawasawa) masikioni, dakika moja ya mdundo na dakika mbili bila mdundo, katika mbio nyepesi tu. Misuli ya vigimbi itachoka siku za mwanzo. Mazoezi ya wiki hizo yapunguzwe.

Rudia kupima baada ya wiki sita, kwenye njia ile ile, kwa viatu vile vile, na mkimbiaji akiwa ndani ya mita 0.1 kwa sekunde ya kasi yake ya kwanza. Akiizidi, apite tena. Goti likiwa linauma hata wakati wa kushuka ngazi, ahirisha vipimo na umpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ukiwa na video halisi isiyopunguzwa, kasi imeandikwa, na upande unaouma umetajwa.