Namna ya kuishi na bibi mkali kijijini Ugogo bila kutoroka

Mimi nimelelewa na bibi mzaa baba huku Bahi, Dodoma, kwetu Wagogo, naandika hii kwa dogo yeyote aliyepelekwa kijijini likizo, likizo ikageuka miaka.

Kwanza maji. Ugogo mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, ikikata mnachimba mchanga korongoni mnasubiri maji yachuruzike, unachota kata kwa kata. Kwa hiyo bibi akikufokea kwa kunawa uso na kikombe kizima ujue anahesabu safari, hakuchukii. Dawa yake amka kabla hajakuita, madumu yawe juu ya punda alfajiri, ukirudi atakosa la kusema (atalitafuta lakini litamchukua muda).

Kihenge, yaani ghala lake la nafaka, usikiguse, ile ndio benki yake. Mimi nilichota bakuli moja la uwele nikabadilisha na pipi dukani, yaani hata sijui aligunduaje, jioni nikapewa mlenda peke yake, ugali nikaangalia wa wenzangu.

Uwele ukianza kukomaa ndio kazi, unaamia ndege, yaani unawafukuza shambani. Kwelea kwelea wanashuka kama wingu asubuhi na mapema halafu tena jioni jua likipoa, mchana wa joto wanatulia mitini. Hapo ndipo usome. Nenda na daftari shambani, usiombe ruhusa ya kusoma nyumbani maana jibu unalijua, mimi jedwali la kuzidisha nimelimezea juu ya kichuguu kombeo likiwa shingoni.

Ukitaka yunifomu au hela ya mtihani usimwombe mbele za watu, atakataa ili waone. Mtegee usiku akiwa anapukuchua karanga, muulize habari za njaa za zamani, akinogewa na hadithi ingiza ombi lako taratibu. Ikishindikana mtume shangazi, yule ndiye pekee anayeweza kumwambia "mama, hapana".

Ila kipigo cha kuacha majeraha, kunyimwa chakula kila siku, kutolewa shule au kuanza kutajiwa mchumba, huo sio ukali tena. Mwambie mwalimu au mtendaji wa kijiji, au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Halafu akikutuma ugoro usifungue kikaratasi kuchungulia, mimi nilipiga chafya kutoka dukani mpaka mlangoni kwake, alikuwa ananisubiri na fimbo huku anacheka.