Jinsi ya kuchimba historia ya daraja la chuma la upinde (kibao achana nacho kwanza)

Watu wengi wakitaka kujua historia ya daraja wanakimbilia kile kibao cha uzinduzi, wanapiga picha, wanasepa. Kibao kinakwambia tu siku mheshimiwa alikata utepe, basi. Mi nakushauri anza na chuma chenyewe.

Shuka kando ya mto sehemu iliyo salama na inayoruhusiwa (madaraja mengine yana askari, omba ruhusa kabla hujatoa simu) alafu angalia vyuma vimeungwaje. Ukiona vichwa vya mviringo vimejipanga kama vifungo vya koti, hizo ni ribiti, yani zilichomwa moto mpaka zikawa nyekundu zikapachikwa kwenye tundu na kugongwa hapo hapo zikiwa za moto, na daraja la hivyo mara nyingi ni la kabla ya miaka ya 1960. Bolti na nati ni mambo ya baadae. Sasa ukikuta ribiti kila mahali alafu kipande kimoja kina bolti tupu, hapo ndo pana stori, labda lori liligonga, labda kutu, labda waliongeza nguvu. Andika ni kipande gani na upande gani wa mto, utahitaji mbele. Cheki na mihimili pia, viwanda kama Dorman Long vilikuwa vinaacha jina limevimba kwenye chuma chenyewe.

Ukishamaliza hapo ndo utafute tarehe, na usikubali tarehe moja. Chukua daraja la Victoria Falls juu ya Zambezi. Lilizinduliwa Septemba 1905, kwa hiyo mtu anaandika “magari yanapita toka 1905”, kumbe lilikuwa la reli, barabara iliongezwa 1930. Alafu kuna tarehe ambayo kwangu mi ni tamu kuliko uzinduzi, siku upinde ulipokutana. Walijenga kutoka kingo zote mbili, kila nusu imeshikiliwa na kebo zilizofungwa kwenye mwamba, na mwisho wa Machi 1905 walipojaribu kuweka kipande cha katikati kikagoma, chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto, kikazidi kama sentimita 3 hivi. Wakaacha. Asubuhi ya tarehe 1 Aprili, baada ya ubaridi wa usiku, kikaingia. Hiyo huwezi kuikuta kwenye kibao, inakaa kwenye ripoti za mainjinia na magazeti ya wakati ule, kwa hiyo maktaba ya taifa na nyaraka za idara ya barabara lazima upite.

Jina nalo lichunguze, usidhani ni la fundi. Birchenough kule Zimbabwe, juu ya mto Save, lilimalizika 1935, upinde mmoja wa mita 329 bila nguzo hata moja mtoni, na limepewa jina la Henry Birchenough aliyekuwa mwenyekiti wa Beit Trust, yani waliotoa hela. Aliyelichora ni Ralph Freeman, huyo huyo wa daraja la bandari ya Sydney la 1932, ila yeye jina lake halikubandikwa. Hata ile sarafu ya Zimbabwe ya senti 20 yenye picha ya daraja hilo haimtaji.

Mwisho wazee, na hapa wengi wanakosea swali. Ukiuliza “daraja lilijengwa lini” mzee atakukadiria tu mwaka. Muulize kabla ya daraja mlikuwa mnavukaje, mvua zikikolea mlikuwa mnafanyaje, na liliwahi kufungwa? Akikumbuka kufungwa, muombe akuoneshe ni upande gani walikuwa wanatengeneza, alafu fungua daftari lako uone kama ndo pale pale ulipokuta zile bolti.