Somo: Jinsi ya kununua muziki ukabaki kuwa wako (faili, sidii na kustrimu)

Habari zenu wakuu. Somo hili nilikuwa nalo kichwani siku nyingi, ila tukio moja la nyumbani ndilo limenisukuma kuliandika.

Bibi yangu yuko Tanga, na taarabu ya zamani ni mapenzi yake tangu usichana. Nilimnunulia spika ndogo, nikamwekea kwenye simu orodha ya nyimbo 40 kutoka programu moja ya kustrimu (kusikiliza moja kwa moja mtandaoni) ninayoilipia kila mwezi. Siku ya Iddi nikaenda kumsalimia, tukaketi barazani, nikafungua orodha ile mbele yake. Nyimbo 11 zilikuwa zimegeuka rangi ya kijivu. Majina yapo, lakini ukigusa, kimya. Bibi akatazama simu, akanitazama na mimi: "Kwani si ulizinunua, mwanangu?"

Sikuwa nimezinunua. Nilikuwa nimezikodi, na mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli. Mkataba kati ya programu ya kustrimu na mwenye haki za wimbo ukiisha, wimbo huondoka hata kama umelipa ada jana. Tangu siku hiyo, wimbo ninaoupenda kweli naununua.

Hatua ya 1: Tenga nyimbo za kukodi na nyimbo za kumiliki

Kustrimu si kubaya. Kwa kusikiliza vitu vipya na kuonja albamu kabla ya kutoa pesa, hakuna njia nyepesi zaidi. Spotify ilifika Tanzania na Kenya Februari 2021, na Boomplay na Mdundo zilikuwepo kabla yake. Ila fahamu kwamba ukibonyeza kitufe cha "kupakua" ndani ya programu kama Spotify na Boomplay hupati faili. Unapata nakala iliyofungwa humo humo. Spotify, kwa mfano, hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizohifadhi hazichezi.

Chukua karatasi, andika nyimbo au albamu ambazo zikitoweka kesho utaumia. Hizo ndizo za kununua. Yangu ilikuwa na albamu 9 tu.

Hatua ya 2: Mjue anayeuza

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu muziki wetu wa zamani ndiko unakoibiwa zaidi. Mtu anachukua wimbo kutoka video ya mtandaoni, anaupa picha ya machweo ya jua ufukweni, anaupakia kwenye maduka yote kwa jina la kampuni aliyoibuni yeye. Wewe unalipa ukidhani umemsaidia mzee wa watu, kumbe shilingi haimfikii.

Dalili za wizi ni hizi. Jina la bendi limekosewa au limeachwa, pameandikwa "Zilipendwa" basi. Mwaka wa toleo ni wa majuzi na hakuna mahali panapotaja mwaka wa kurekodiwa. Hakuna jina la mtunzi. Halafu shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa albamu, utafute herufi P ndani ya duara. Hiyo ndiyo alama ya mwenye haki ya sauti iliyorekodiwa. Herufi C ndani ya duara ni jambo jingine, inahusu mara nyingi jalada na maandishi. Baada ya P litafuata jina. Litafute jina hilo: je, ni bendi yenyewe, ni familia, ni lebo inayojulikana? Kama halionekani popote isipokuwa kwenye mamia ya albamu za namna hiyo hiyo, achana nalo.

Lebo zilizofanya kazi hii kwa heshima zipo. GlobeStyle ya London ilitoa mwaka 1989 albamu ya Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya Tanga. Buda Musique ya Ufaransa ilianza mwaka 2005 mfululizo unaoitwa Zanzibara, sidii ya kwanza ikiwa ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905. Sidii hizo huja na kijitabu cha maelezo. Mimi hicho kijitabu nakihesabu kuwa nusu ya bei, kwa sababu huko ndiko unakojua nani alipiga fidla, nani aliimba na shairi ni la nani. Faili la kuokota halikwambii hayo.

Hatua ya 3: Andaa malipo

Maduka mengi ya nje hupokea kadi ya benki au PayPal. Huna kadi ya plastiki? Kenya unaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni kupitia M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2022. Tanzania nako kampuni za simu hutoa kadi za aina hiyo kwenye menyu zao. Weka pesa inayotosha manunuzi na ziada kidogo, kwa sababu kubadilisha shilingi kuwa dola kuna makato, na muamala ukipungukiwa hata senti chache unakataliwa.

Hatua ya 4: Nunua faili

Nitatumia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kama mfano, kwa sababu wasanii na lebo huuza wenyewe pale, na mgawanyo uko wazi: kwa faili Bandcamp huchukua asilimia 15, kwa vitu vya kushikika kama sidii na santuri asilimia 10. Albamu ya dola 10 inamwachia muuzaji karibu dola 8 baada ya makato ya malipo. Tangu Machi 2020 kuna pia Ijumaa maalumu zinazotangazwa ambapo huacha fungu lao lote. Mimi hulimbikiza manunuzi yangu hadi Ijumaa hizo.

Fungua kwa kivinjari, si kwa programu yao ya simu. Hili huwapotezea watu muda mwingi: programu ile ni ya kusikilizia, haikupi faili. Sikiliza kwanza, bonyeza kununua, andika kiasi (mara nyingi unaruhusiwa kuongeza juu ya bei), lipa, kisha subiri barua pepe. Isipoonekana, tazama kwenye folda ya barua taka (spam).

Utaulizwa unataka faili la aina gani. Kwa simu na redio ya gari chagua MP3 ya 320 (yaani kilobiti 320 kwa sekunde; namba ikishuka, ubora nao hushuka). Kwa kuhifadhi chagua FLAC, ambayo hubana ukubwa bila kutupa chochote cha sauti. Kwa wimbo wa dakika 4, MP3 ya 320 ni kama MB 10, na FLAC ni kati ya MB 20 na 30 kwa kawaida. Rekodi za zamani za sauti ya mono mara nyingi hupungua chini ya hapo. Ukishalipa unaweza kurudi ukachukua aina nyingine bila kulipa tena, kwa hiyo chukua zote mbili.

Albamu nzima huja imefungwa kwenye faili moja la zip. Kwenye Android ifungue kwa Files ya Google: gusa, chagua kutoa yaliyomo, kisha hamishia folda ya Music. Usiifute zip kabla hujafungua wimbo wa kwanza na wa mwisho ukahakikisha zinacheza.

Hatua ya 5: Kama unanunua sidii

Igeuze. Sidii iliyotoka kiwandani upande wa chini ni rangi ya fedha tupu. Iliyochomwa kwenye kompyuta ina kivuli cha kijani, buluu au zambarau. Inamishe kidogo kwenye mwanga utaona. Kisha tazama pete ya ndani karibu na tundu, ya kiwandani huwa na namba zilizochongwa humo. Wapo wasanii wadogo wanaochoma sidii zao kihalali, ukimnunulia mwenyewe baada ya onyesho huna haja ya kumshuku. Ila ukiuziwa ya kuchomwa kwa bei ya kiwandani, rudisha.

Tanzania ilianza mwaka 2013 kutumia stempu za kodi za TRA kwa kazi za muziki na filamu, na Kenya nako KECOBO, bodi ya hakimiliki, ina stika yake. Sidii ya nje au ya zamani haitakuwa nazo, usiikatae kwa sababu hiyo.

Ukishaipata, ihamishie kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Diski za USB za nje zinapatikana kwa mafundi wa kompyuta. Kwenye Windows natumia programu ya Exact Audio Copy, ni ya bure. Ni nzito kuizoea lakini husoma kila sehemu zaidi ya mara moja na kukuambia palipo na mkwaruzo. Hifadhi kwa FLAC. Sidii yangu ile ya Black Star na Lucky Star niliinunua ikiwa imetumika, ina mstari mrefu kama unywele. Wimbo wa nne ulichukua dakika 20 kusomeka, lakini ulitoka mzima.

Hatua ya 6: Weka nakala mbili

Moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Flashi pekee haitoshi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Mwanza: Mkuu, somo zuri. Ila bando je? Kupakua albamu si ni kula MB nyingi kuliko kustrimu?

Jibu: Tupige hesabu. Albamu ya dakika 40 kwa MP3 ya 320 ni MB 96 hivi, unazitumia mara moja tu. Ukiistrimu kwa kiwango cha 160 inakula MB 48 kila unapoicheza, kama hukuihifadhi ndani ya programu. Mara ya pili tayari mko sawa, ya tatu umeshapoteza. Kama bando ni finyu shusha kustrimu hadi 96, hapo saa nzima ni kama MB 43.

Swali, kutoka Temeke: Kaka, mtaani kwetu unampa kijana flashi anakurushia nyimbo 200 kwa hela kidogo. Ndiyo njia tuliyoizoea wengi. Unasema tuache?

Jibu: Nimeitumia njia hiyo miaka mingi, sitakuhukumu. Lakini pesa ile inaishia kwa kijana, mtunzi hapati kitu, na faili nyingi zimebanwa mara mbili tatu hadi sauti inakwaruza masikio. Fanya hivi: katika hizo 200, chagua msanii mmoja aliye hai unayempenda, umnunulie albamu moja mwaka huu.

Swali, kutoka Muscat: Assalaam alaykum. Marehemu mama alituachia kaseti za taarabu tangu tukiwa Unguja, nyingine zilirekodiwa arusini. Haziuzwi popote. Nifanyeje zisiharibike?

Jibu: Wa alaykum salaam dada yangu, Mungu amrehemu mama. Hizo za arusini ni hazina, zianze hizo. Tafuta deki ya kaseti iliyo nzima, si redio ndogo. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti safi, iache ikauke. Ipeleke kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja kabla ya kurekodi, utepe ulegee. Kagua kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe katikati, kikiwa kimebanduka usicheze, mpe fundi aihamishie kwenye ganda jingine. Unganisha deki na kompyuta kwa waya kutoka tundu la sauti, urekodi kwa programu ya Audacity, sauti isifike juu kabisa ya kipimo. Hifadhi kwa FLAC bila kusafisha mivumo. Usafishaji fanya kwenye nakala. Na kaa na wakubwa wa ukoo wakutajie waimbaji, uandike majina yao humo.

Swali, kutoka Nairobi: Nimenunua FLAC, iPhone yangu haiipokei kwenye programu ya muziki. Nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa. Programu ya Music ya Apple haichukui FLAC. Rudi kwenye ukurasa wako wa manunuzi uchague ALAC, ubora ni ule ule. Au ifungue FLAC hiyo ndani ya programu ya Files, inacheza.

Swali, kutoka Dodoma: Nimesikia kuna FLAC feki zilizotengenezwa kutoka MP3. Nitazijuaje?

Jibu: Zipo. Ifungue faili kwa programu ya Spek, itakuchorea picha ya masafa ya sauti. MP3 ya 128 hukatika karibu kilohezi 16, utaona kama paa limepigwa rula na juu yake giza. Kwa rekodi ya leo hiyo ni dalili mbaya. Kwa muziki wa zamani kuwa mwangalifu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na mashine za wakati ule hazikunasa sauti za juu hivyo. Utakachokiona juu ni mkwaruzo wa santuri tu. Ukiona mkwaruzo huo unafifia taratibu kuelekea juu, ni jambo la kawaida. Ukiuona umekatwa ghafla kama kwa kisu, mwandikie muuzaji umuulize alitoa wapi.

Swali, kutoka Tanga: Na bibi je? Zile nyimbo 11 umezipata?

Jibu: Nimepata 8. Sita kwenye sidii, 2 kwa faili. Nimemwekea kwenye memori kadi ya spika, hazihitaji simu wala bando. Tatu bado natafuta. Mwenye santuri za Black Star za miaka ya sitini na sabini aniandikie tafadhali, nakuja na mashine yangu mwenyewe ya kuchezea santuri.