Meneja wa AMCOS, madai yakigongana shika hapa, legeza pale

Mimi ni meneja wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, ya kahawa upande wa Kibosho, juu ya Moshi. Msimu ukianza, kila mtu ana lake. Mwanachama anataka hela leo, maana ada ya shule haingoji mnada wa kahawa. Bodi ya chama inataka kilo. Mnunuzi anataka ubora. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, anataka stakabadhi, tena kwa mfuatano wa namba.

Usijaribu kumgawia kila mmoja nusu. Nusu ubora mnadani ni daraja la chini tu.

Chora msalaba kwenye karatasi. Mchoro huu ulitokana na utafiti wa Robert Quinn na John Rohrbaugh wa Marekani, mwaka 1983. Juu ni kulegeza, chini kudhibiti. Kushoto mambo ya ndani, kulia ya nje. Juu kushoto wanakaa watu, juu kulia mabadiliko na upanuzi, chini kulia malengo ya uzalishaji, chini kushoto taratibu na kumbukumbu. Pembe zinazotazamana kimshazari ndizo zinazovutana, na chama kinazihitaji zote. Andika madai ya wiki, kila moja kwenye pembe yake, kisha tazama ipi imebaki tupu. Katikati ya msimu mara nyingi ni ya watu: akina mama wanaochambua kahawa vichanjani hakuna anayewauliza kitu mpaka wasusie kazi.

Halafu tenga lisilosubiri. Kahawa mbivu ikichumwa leo inamenywa leo; ikilala kwenye gunia inachacha, na ladha hairudi. Kwa hiyo penye mizani sheria haina mjadala: mbichi haipokelewi. Lakini namna ya kuisema ni yako. Mzee akileta gunia lenye mbichi ndani, mazungumzo huwa hivi:

“Meneja, mwanangu, mimi nimekujua ukiwa unakimbia kamasi puani.”

“Shikamoo mzee. Ndiyo maana nimekutandikia mkeka pale kivulini. Twende tuchambue wote, kisha tupime.”

Mzee hajashinda, wala hajadharauliwa.

Kwenye hela, usiahidi bei. Toa malipo ya awali, taja siku utakayotoa taarifa, na siku hiyo ikifika bandika ukutani kilo, daraja, bei na makato yote. Makato yakionekana watu watabishana na wewe ofisini. Yakifichwa watayajadili kwenye pombe ya mbege, na huko hujaalikwa.

Cheti cha kilimo hai, mnunuzi mpya na mambo ya namna hiyo yapeleke kipindi cha masika, mashine imelala.

Kingine, jijue unaegemea wapi. Mimi ni mtu wa leja, napenda safu zikae sawa. Karani wangu wa mizani ni mwongeaji kupita kiasi (kuna siku natamani nimzibe mdomo), ila anajua nani kafiwa na nani kauguliwa. Usimgeuze mtu kama huyo awe wewe. Kabla ya kikao mpe karatasi ajaze pembe ya watu, na alichoandika usikifute.

Mwenyekiti naye aking'ang'ania “tupokee chochote, tufikishe lengo”, usibishane naye mbele ya wajumbe. Mpelekee nyumbani karatasi mbili za mauzo ya mnada, moja ya daraja la juu, moja ya daraja la chini, umwachie na kikokotoo.