Mwenyekiti mpya wa kikundi, usishike ufunguo

Ukichaguliwa kuongoza kikundi cha kuweka na kukopa, usikubali kushika ufunguo wa sanduku la fedha. Sanduku hilo hufungwa kwa kufuli tatu, nazo zina maana yake: funguo zikae kwa wanachama watatu wasio viongozi, tena wanaoishi mbalimbali. Fedha zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kufunga, na kila mtu akariri salio. Kikao kijacho mnaanza kwa kuulizana kiasi hicho, kisha ndipo mnafungua.

Halafu faini. Siku ukichelewa, hata dakika tano, toa yako kabla hujadai ya mwenzako, na usijieleze sana. Nimeona kikundi kikivunjika kwa sababu mwenyekiti alisamehewa mara moja tu. Mkopo wako nao usubiri zamu.