Pikipiki ya zamani inavuja oili: namna ya kupima, kutafuta chanzo na kuziba

Gereji yangu ni kivuli cha mwarobaini kando ya barabara ya Morogoro, upande wa Ihumwa, Dodoma. Pikipiki zinazoletwa hapa nyingi zimekula miaka: Boxer zilizopita mikono ya watu wanne, TVS, SanLG, na Honda CG125 chache ambazo wenyewe hawataki kusikia habari ya kuziuza. Karibu zote zina unyevu wa oili mahali fulani. Unyevu huo peke yake hauui injini. Kinachoiua ni mwenye pikipiki kuona doa chini, kuambiwa "hiyo kawaida, si ya zamani?", kisha akaacha kupima.

Fikiria kiasi chenyewe. Injini ya 125 au 150 inabeba takribani lita moja tu ya oili. Ikivuja robo lita, robo ya yote imeondoka. Na injini hizi hazina rejeta. Zinapozwa na upepo pamoja na oili hiyohiyo. Jua la Oktoba, abiria wawili, mlima mbele: oili iliyobaki inapata moto, inakuwa nyepesi kama maji, na vyuma vinaanza kulana.

Hatua ya 1: Pima sawasawa

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Ukipima ikiwa imelalia stendi ndogo, oili inakimbilia upande mmoja na kipimo kinakudanganya. Washa injini dakika tatu hadi tano, zima, subiri dakika mbili au tatu oili irudi chini.

Boxer nyingi zina kioo kidogo cha duara upande wa kulia, chini ya injini. Oili ionekane kati ya alama ya juu na ya chini. Kioo cha pikipiki ya zamani mara nyingi kimeungua kikawa cha kahawia, na watu husoma ule uchafu wakidhani ni oili. Iegemeze pikipiki kidogo kushoto na kulia: usawa ukicheza, unaona oili, usipocheza, unaona doa.

CG125 na ndugu zake wana kijiti kwenye kifuniko. Kabla ya kukifungua, futa pale kwa kitambaa kikavu. Vumbi la Dodoma linakaa kwenye mdomo wa kifuniko kama unga, na ukifungua bila kufuta, lote linaingia ndani. Toa kijiti, kifute, kirudishe bila kukifunga reza (ile mistari ya kuzungushia), kiegeshe tu, kisha kitoe usome. Ukikifunga kinazama zaidi, na utaona oili ni nyingi kuliko ilivyo.

Anayebeba abiria apime asubuhi, kila baada ya siku mbili au tatu. Kama pikipiki inavuja, apime kila siku.

Hatua ya 2: Isome oili yenyewe

Chukua tone kwenye vidole, lisugue, linuse. Rangi nyeusi si ugonjwa. Chenga zinazong'aa ni ugonjwa, kuna chuma kinaliwa. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hii naiona sana kati ya Desemba na Machi, watu wanapovuka makorongo yenye maji. Imwage, usiendeshe hata kwenda dukani.

Iko dalili moja ambayo wengi huifurahia kwa kutojua: oili imeongezeka bila kuongezwa. Inuse. Ikinuka petroli, sindano ya kabureta haifungi vizuri na petroli inashukia ndani ya injini usiku. Oili ya namna hiyo haina nguvu ya kulinda kitu. Tengeneza kabureta kwanza, ndipo umwage oili na kuweka mpya, na usiku funga koki ya petroli.

Hatua ya 3: Osha, kisha paka poda

Hapa ndipo mafundi wengi tunakosea, nami nimekosea miaka mingi. Tunaona oili kwenye kava, tunakaza bolti za kava. Kumbe oili ilitoka juu kwenye kava ya tapeti, ikateremka, upepo ukaisukuma nyuma, vumbi likainata. Oili huonekana inapoishia, na chanzo chake kiko juu zaidi au mbele zaidi.

Acha injini ipoe kabisa. Ondoa tope la oili kwa kijiti cha mti, paka mafuta ya taa kwa brashi, suuza kwa maji ya sabuni ya unga, kausha. Usitumie petroli kuosha injini ya moto. Nimeona moto ukiruka kwa sababu hiyo. Ikikauka, nyunyiza poda ya watoto kwenye maungio yote: hedi, silinda, kava ya klachi, kava ya magneti, nyuma ya sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni). Endesha kilomita tano kwenye lami, maana vumbi la barabara litaharibu kipimo. Rudi, chuchumaa na tochi. Mahali poda imegeuka kahawia na kulowana, pa juu kuliko pote, ndipo penye jeraha.

Hatua ya 4: Bomba la kupumulia kabla ya spana

Msimu wa zabibu uliopita mzee mmoja wa Hombolo aliniletea CG125 anayobebea kreti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Kijana wangu, hii oilsili ya sproketi imebadilishwa mara tatu mwaka huu, na bado inatema."

Oilsili ni ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti inapochomoza nje ya injini. Sikushika spana. Nililifuata bomba la kupumulia kwa kidole, kutoka kwenye injini hadi ncha yake iliyojificha nyuma ya betri. Ncha ilikuwa imezibwa na udongo mgumu kama tofali. Nyigu wa matope alikuwa amejenga humo. Nilipolichomoa kwenye injini huku inaunguruma, pumzi ilitoka kwa nguvu na kunirushia matone ya oili kiganjani.

Pistoni inaposhuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni. Hewa hiyo ina njia moja ya kutokea, bomba hilo. Likiziba au likikunjwa na tangi, hewa inatafuta mlango dhaifu kuliko yote, na mlango huo huwa oilsili. Zile oilsili tatu hazikuwa na kosa lolote. Nilizibua bomba kwa waya, nikaweka oilsili ya nne, na mzee hajarudi tena kwa shida hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, hakiki bomba hilo. Kama liko wazi lakini linapuliza moshi mzito mfululizo, ringi zimechoka, na hapo hakuna oilsili itakayodumu.

Hatua ya 5: Bolti ya kumwagia oili

Ikiwa tone linaning'inia chini kabisa ya injini na juu kukavu, chanzo ni bolti hii au washa yake. Usiikaze zaidi. Injini ni ya aluminiamu, bolti ni ya chuma, na anayekaza kwa hasira anaua reza za injini. Mwaga oili, toa washa, weka mpya ya shaba. Ukikosa mpya, na ile ya zamani ni ya shaba, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji. Shaba inalainika na kukubali tena kulala vizuri. Funga kwa mkono mpaka iguse, kisha spana fupi, robo mzunguko hivi. Reza zikiwa zimeshakufa, ipeleke kwa fundi wa kukereza akaweke reza mpya. Utepe wa nailoni na gundi ni kununua safari ya kusukuma.

Hatua ya 6: Oilsili ya sproketi ya mbele

Uvujaji huu ndio ninaouogopa, kwa sababu ya usalama kuliko injini. Oili ya hapo inabebwa na cheni mpaka tairi la nyuma, na tairi lenye oili kwenye kona haliulizi.

Fungua kava ya sproketi, toa cheni na sproketi. Safisha mpaka uone chuma. Mchanga uliochanganyika na oili pale ni msasa, ndio uliokula mdomo wa oilsili. Shika shafti, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imeisha, na oilsili mpya itavuja ndani ya wiki. Mara nyingi beringi hiyo imeuawa na cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa. Cheni iachiwe mchezo wa sentimita mbili hadi tatu.

Soma namba tatu kwenye oilsili ya zamani: upana wa ndani, upana wa nje, unene. Nenda nazo dukani, usiende na jina la pikipiki, kwa kuwa injini nyingi zimechanganywa vifaa. Toboa oilsili ya zamani kwa skrubu ndogo, ivute kwa koleo, na angalia usikwaruze shafti. Pitisha ukucha juu ya shafti: ukinasa kwenye mfereji, isukume oilsili mpya milimita moja ndani au nje ya mahali pa zamani, kama nafasi ipo, ili mdomo ukutane na chuma kizima.

Funika meno ya shafti kwa mfuko laini wa nailoni, paka grisi kidogo kwenye mdomo wa oilsili, ivishe upande wenye springi ukitazama ndani. Isukume kwa soketi yenye upana unaolingana, taratibu, ikae sawa pande zote. Oilsili ya shafti ya pedeli ya gia hubadilishwa hivyohivyo, na ni rahisi zaidi.

Hatua ya 7: Gasketi na kava

Legeza bolti kidogokidogo kwa mkato wa msalaba, na ufunge vilevile. Toa gasketi ya zamani (karatasi inayoziba kati ya kava na injini) kwa kipande cha plastiki au mbao ngumu, bisibisi inachimba. Boksi la sabuni halifai kuwa gasketi, kata kwenye karatasi ya gasketi. Silikoni paka nyembamba kama unavyopaka mafuta mdomoni. Inayozidi hukatika kwa ndani, ikasafiri na oili na kuziba njia zake, na hapo utatafuta kwa nini hedi haipati oili.

Kama haivuji lakini inapungua

Tazama ekzosi. Moshi wa bluu asubuhi unaotoka kidogo na kupotea ni sili za valvu. Moshi wa bluu kila ukivuta mafuta ni ringi na silinda.

Oili ya kuweka: soma gredi iliyoandikwa kwenye injini au kitabu chake, kwa joto la huku nyingi huenda na 20W-50 au 20W-40. Tafuta maandishi JASO MA kwenye chupa. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Oili nzito kupita kiasi kwa nia ya kuzuia uvujaji haizibi tundu. Inachelewa tu kupanda juu asubuhi.

Oili chafu kusanya kwenye dumu lenye kifuniko. Usimwage uwanjani kuua vumbi, mvua ya Januari itaipeleka kisimani kwa mtu.

Ukimaliza, laza kadibodi safi chini ya injini usiku. Asubuhi, kabla hujaisogeza pikipiki, tazama kadibodi, kisha pima tena.