SOMO: Karatasi ya dharura kwa mgonjwa wako mwenye mahitaji maalum

Habari za jioni wapendwa. Hili somo niliahidi tangu mwezi uliopita nikawa nazungushwa na mambo, leo mtoto kalala mapema na umeme upo kwa hiyo naandika mpaka niishie, maswali niwekeeni chini.

Mimi nakaa Mbagala. Mwanangu ana miaka 6, alizaliwa na kichwa maji akawekewa shanti (mrija wa kutoa maji yanayozidi kichwani) akiwa mchanga, ana mtindio wa ubongo na kifafa juu yake. Haongei. Sasa mwaka juzi alianza kutapika, siku ya pili akawa wa kulala lala tu, ukimwita anafungua jicho anafumba. Nikambeba hadi hospitali, sitaji jina, dokta wa zamu kijana tu kamuangalia kaniuliza, mama huyu si ndo hali yake? Maana kaona mtoto kalegea, haongei, hashiki kitu, akajua ndo alivyo siku zote. Tukapewa dawa ya kuzuia kutapika tukarudi nyumbani. Kumbe shanti imeziba! Mpaka kumpata mtu wa kuelewa ilikuwa kesho yake mchana. Na simlaumu sana yule kijana jamani, hajawahi kumuona mwanangu akicheka, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia tu sikumwambia cha maana.

Toka siku hiyo nina karatasi ya kumpa dokta, inamweleza mwanangu asiyeweza kujieleza. Sio ujanja wangu, Marekani vyama vya madaktari wa watoto na wa dharura walitoa fomu ya namna hii toka 1999, mimi nimeikata kata tu ikae kibongo, upande mmoja wa karatasi basi.

HATUA YA 1. Andika hali yake ya kawaida
Hii ndo roho ya karatasi, zingine zote mkisahau hii msisahau. Ukiandika tu "ana mtindio wa ubongo" hujamsaidia dokta, maana wapo wa mtindio wanaotembea na kusoma shule na wapo wasioweza kushika shingo. Andika anavyokuwa AKIWA MZIMA. Ya kwangu inasema hivi: anaitambua sauti ya mama, anacheka akisikia muziki, anafuata kitu kwa macho, mkono wa kulia kakunja ngumi muda wote, mchana halali. Degedege zake upande wa kushoto, kama dakika moja, mara mbili kwa mwezi. Sasa dokta akisoma "mchana halali" halafu anamuona kalala saa sita mchana, mwenyewe anashtuka. Kwa wenye usonji andika anavyoonesha maumivu, kuna mtoto akiumwa tumbo halii anajipiga kichwa, asiyemjua atasema mtukutu. Na umrekodi video fupi kwenye simu siku akiwa na furaha, sekunde 20 zinatosha.

HATUA YA 2. Yanayoua haraka yakae juu kabisa
Mstari wa kwanza, herufi kubwa. Mwenye shanti iandikwe ANA SHANTI, iliwekwa mwaka gani, na dalili za kuziba: kutapika, kichwa kuuma, kusinzia, macho kuangalia chini. Akiwa na homa nayo ni habari nyingine, shanti inaweza kuingia wadudu, hasa miezi ya mwanzo baada ya operesheni. Watoto wa mgongo wazi wengi wana aleji ya mpira, yaani glavu na katheta (mipira ya mkojo) za kawaida zinaweza kumletea balaa, andika. Mwenye Down syndrome shingo yake ishikwe taratibu. Wa selimundu homa ikifika 38.5 hakuna kusubiri asubuhi wala kusema ni malaria tu, ni hospitali saa hiyo hiyo.

HATUA YA 3. Dawa na UZITO
Jina la dawa, miligramu ngapi, saa ngapi, na mara ya mwisho kameza lini. Uzito kwa kilo, tena usiandike kwa kukisia. Wangu ana miaka 6 ila kilo 12, mtu akimkadiria dawa kwa umri anamzidishia. Beba na maboksi ya dawa yenyewe, siku hizo unachanganyikiwa hata jina lako unasahau.

HATUA YA 4. Namna ya kumshika
Mistari mitatu tu. "Usimlaze chali ukimpa kitu mdomoni, anapaliwa. Miguu usiinyooshe kwa nguvu, mifupa yake myepesi. Ongea naye kabla hujamgusa." Nesi mmoja aliniambia mama usiwafundishe kazi, nikanyamaza, ila karatasi ilikuwa imeshasomwa hahaha.

HATUA YA 5. Barabara
Amua leo utaenda wapi, usiamue mtoto akiwa mkononi. Mimi nimejiwekea hivi: degedege isiyoisha au pumzi mbaya naenda iliyo karibu, kwangu Temeke, wamtulize kwanza. Mambo ya shanti na anapumua vizuri, naenda Muhimbili moja kwa moja, maana upasuaji alifanyiwa pale MOI (taasisi ya mifupa na ubongo, iko hapo hapo Muhimbili) na faili lake lipo huko, na pale Muhimbili kuna idara kamili ya dharura toka 2010. Ila foleni ya Kilwa Road jioni mnaijua, kwa hiyo nina namba za madereva wawili wa mtaani, mmoja bajaji mmoja gari. Boda hapana. Mtoto asiyeshika shingo kwenye boda ni kumtafutia lingine. Na mweleze dereva kabisa kabla, ajue siku nikipiga usiku sio stori.

HATUA YA 6. Kopi
Moja imebanwa mlangoni, moja kwenye begi la kliniki, moja kwa bibi yake, na picha ya hiyo karatasi kwenye simu ya kila anayebaki na mtoto, hata dada wa kazi. Kapige laminesheni, maji ya uji yanaharibu karatasi.

MASWALI

Dada wa Kigamboni: Asante shosti. Binti yangu akipata degedege baba yake anamwekea kijiko mdomoni asijing'ate, na mama mkwe anamnusisha kiatu. Niwaambieje?
Jibu: Waambie kijiko kinavunja meno na kinampalia, na ulimi haumezwi. Mlaze ubavu, toa vitu vya kuumiza karibu, legeza nguo shingoni, usimpe maji, na MTU MMOJA AANGALIE SAA. Ikipita dakika 5, au zinarudi bila yeye kuzinduka katikati, ni dharura mnaondoka. Kiatu hakizuii kitu, ila mama mkwe mpe kazi ya kuangalia saa, ugomvi utaisha.

Kaka wa Tabata: Bro wangu alivunjika shingo kwenye ajali ya boda, amepooza, ana mpira wa mkojo. Kuna siku kichwa kinamuuma ghafla jasho linamtoka usoni, tunampa panadol.
Jibu (mdau nesi): Kaka hapo naomba nijibu mimi. Hiyo usiichukulie poa, kwa waliovunjika juu huko presha inaweza kupanda ghafla hata ikaleta kiharusi. Mkalishe wima msimlaze, mvue vya kubana, halafu angalia mpira kama umejikunja au mfuko umejaa, mara nyingi kibofu ndo chanzo, choo kigumu na kidonda pia. Isiposhuka haraka ni hospitali. Na kwenye karatasi andikeni presha yake ya kila siku, hawa kawaida iko chini, kwa hiyo 140 ambayo kwa mwingine sio kitu kwake ni kubwa.

Mama wa Ukonga: Mimi mgonjwa wangu ni mama mzazi, kiziwi toka utoto. Hospitali wanaongea na mimi tu utadhani hayupo, na mimi mengine naona aibu kumuuliza mamangu.
Jibu: Pole sana. Karatasi ianze: NI KIZIWI, ANATUMIA LUGHA YA ALAMA, AKILI YAKE TIMAMU, MUULIZENI YEYE. Tafuta mkalimani mmoja mapema mkubaliane muwe mnampigia video, sio wewe kila kitu. Na moja ambayo watu wengi hawaiwazi, dripu isiwekwe mkono anaoongelea, ukimfunga mkono ule umemfunga mdomo.

Mdau wa Kimara: Wangu ana usonji, pale emajensi na zile taa na kelele anang'ata watu. Wakamfunga kitambaa.
Jibu: Hiyo inauma. Ukifika tu kaunta sema kabla hajaanza, omba kona isiyo na kelele, hata korido. Beba kitu chake anachokipenda, na aguswe na mtu mmoja tu, aoneshwe kifaa kwanza kabla ya kuwekewa. Sio kila zamu watakubali, ila ukiomba mapema wengi wanasikia kuliko ukiomba ameshang'ata.

Dada wa Kigamboni tena: Na wasipoisoma hiyo karatasi?
Jibu: Namshikisha mkononi simuwekei mezani. Nasema dokta naomba sekunde 20, namuonesha ile video anacheka, halafu namwambia sasa muangalie hapa. Mpaka leo hajatokea wa kukataa.

Mdau nesi: Unaibadilisha kila baada ya muda gani? Maana wengine wanatuletea ya miaka mitatu nyuma, dawa zote zimeshabadilishwa.
Jibu: Kila kliniki, natoka pale pale napita steshenari. Ila umenikamata, hii ya mlangoni imeandikwa kilo 12 na juzi kapimwa 13 na nusu. Kesho naenda.